Miezi mitatu ya kwanza: mtoto anajengwa kabla tumbo halijaonekana

Hedhi imechelewa wiki moja. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani, ambayo mwezi jana ilikutia njaa, leo inakukimbiza nje. Matiti yanauma, usingizi unakubana saa nane mchana. Huenda ni mimba. Nunua kipimo cha mkojo kwenye duka la dawa, pima mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kikionyesha mistari miwili usikae na habari hiyo hadi tumbo litokeze. Kazi kubwa ya kumjenga mtoto inafanyika katika wiki hizi ambazo hakuna anayeona kitu.

Makala hii inaeleza kazi hiyo inakwendaje, mwili wako unapitia nini, na kwa nini tunasisitiza mama aende kliniki kabla ya wiki ya 12. Kama wewe si mjamzito bali ni mama mkwe, dada au mume wa mjamzito, isome pia. Kuna mambo humu yatakayokusaidia kumwelewa.

Hesabu ya wiki inayowachanganya wengi

Unajua mlikutana na mwenzako wiki tano zilizopita, lakini muuguzi anakuambia mimba ni ya wiki saba. Katika nyumba nyingine hesabu hii imezua ugomvi, baba akidhani mimba si yake. Muuguzi hajakosea, wala mama hajadanganya. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo tarehe ambayo mama wengi wanaikumbuka. Yai hutoka na kurutubishwa karibu wiki mbili baadaye. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza za "ujauzito" kwa kweli hukuwa na mimba.

Mimba nzima kwa hesabu hiyo ni wiki 40. Ukitaka kujua tarehe ya kujifungua, chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha ongeza miezi 9. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi inakupeleka tarehe 17 Desemba. Ni makadirio tu. Watoto wachache sana huzaliwa siku hiyohiyo. Na kama hedhi yako haina mpangilio, au ulishika mimba ukiwa bado unanyonyesha na hedhi haijarudi, kipimo cha utrasaundi kitatoa umri sahihi zaidi. Kikifanywa mapema, usahihi wake unakuwa mkubwa.

Kinachotokea ndani

Wiki ya 4, siku ambazo ungetarajia hedhi, kiinitete kimejishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Wiki ya 5 kina ukubwa wa punje ya ufuta. Hapo ndipo inaanza kazi ambayo kila mama angepaswa kuielewa.

Mgongoni mwa kiinitete kuna tabaka bapa la seli. Tabaka hilo huanza kujikunja, kama unavyokunja chapati ili uishike mkononi, mpaka kingo zake zikutane na kushikana. Bomba linalopatikana ndilo litakuwa ubongo upande wa juu na uti wa mgongo upande wa chini. Kazi hii inamalizika karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, yaani wiki ya 6 kwa hesabu ya kliniki. Kwa mama mwenye hedhi ya kawaida, wakati huo hedhi imechelewa wiki mbili tu. Wengi bado wanasema ni uchovu au mabadiliko ya hali ya hewa.

Kingo zisiposhikana vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi tatizo hilo huambatana na maji kujaa kichwani, kile tunachokiita kichwa kikubwa. Si laana, si mama kuruka kamba, wala si adhabu ya mtu yeyote. Sababu zake ni nyingi, lakini mojawapo inajulikana vizuri na inazuilika: upungufu wa foliki asidi mwilini mwa mama katika wiki hizo za mwanzo. Ndiyo maana mwanamke anayepanga kushika mimba anashauriwa kumeza mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mboga za majani, maharage, mbaazi na machungwa vina virutubisho hivi, ila mboga ikichemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa inapotea. Unga wa ngano na wa mahindi uliorutubishwa unasaidia pia, kwa hiyo angalia alama kwenye mfuko kabla ya kununua. Kama uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au unatumia dawa za kifafa, ongea na daktari kabla ya kushika mimba nyingine, kwa sababu dozi yako itakuwa kubwa zaidi. Dawa za kifafa usiache mwenyewe ghafla.

Huenda unasoma haya ukiwa wiki ya 9 na hukumeza kidonge hata kimoja. Usijilaumu. Watoto walio wengi wanafunga mgongo wao salama. Anza vidonge vya chuma na foliki asidi leo, maana damu yako itavihitaji hadi mwisho wa mimba.

Wiki hiyohiyo ya 6, mtoto akiwa na ukubwa wa punje ya choroko, moyo wake unapiga. Utrasaundi mara nyingi huonyesha mdundo wake wiki ya 6 au ya 7, na ni mwepesi kuliko wako kwa mbali. Mikono na miguu inaanza kama vichipukizi vidogo. Wiki ya 8 anafikia punje ya haragwe, na uso unaanza kuonekana. Wiki ya 10 vidole vimeachana, na kile kimkia alichokuwa nacho kimepotea. Ikifika wiki ya 12 ana ukubwa wa ndimu, sentimita 5 hadi 6, viungo vyote muhimu vipo mahali pake, na anajirusharusha ndani ya maji ingawa wewe husikii kitu. Kumsikia akicheza ni wiki ya 16 hadi ya 20, na kwa mimba ya kwanza mara nyingi ni kuelekea ile ya 20.

Mwili wako nao una kazi

Kichefuchefu huanza wiki ya 5 au ya 6, hupanda hadi karibu wiki ya 9, na kwa wengi hupungua ikifika wiki ya 14 au ya 16. Wanasema cha asubuhi, lakini waliopitia wanajua kinakuja saa yoyote. Wengine wanajaa mate mpaka watembee na kopo. Wengine hawataki kusikia harufu ya samaki, ya sabuni, au ya mume. Ndugu mume, ukiambiwa mimba imekukataa, usinune. Pua ya mjamzito inanusa kupita kiasi, na hali hiyo hupita.

Kinachosaidia ni kula kidogo kidogo na mara nyingi, kwa sababu tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Weka kipande cha mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha karibu na kitanda, ule kabla hujainuka. Maji ya tangawizi yanawatuliza baadhi ya mama. Lakini ikiwa siku nzima hujaweza kubakiza hata maji tumboni, mkojo umekuwa mchache na wa rangi nzito kama chai ya rangi, au unaona kizunguzungu ukisimama, hiyo siyo "mimba inasumbua" ya kawaida. Nenda kituo cha afya siku hiyo. Unaweza kuhitaji dripu.

Na hamu ya udongo? Inajulikana pwani na bara, na sokoni unauzwa wazi kabisa. Hatutakucheka. Tatizo ni kwamba udongo huzuia chuma kuingia mwilini wakati ambapo unakihitaji zaidi, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie muuguzi akupime. Vidonge vya kuongeza damu vikikuchefua, vimeze usiku baada ya chakula. Usivimeze na chai, maana chai pia hukizuia chuma. Choo kitakuwa cheusi. Usiogope, ni vidonge.

Kuhusu kuficha mimba

Katika jamii zetu nyingi mimba changa haitangazwi. Bibi zetu walisema kuna jicho, kuna husuda, na mimba inaweza kutoka ukabaki na maneno ya watu. Hakuna ubaya kuwanyamazia majirani. Mimba ni yako, na una haki ya kuchagua nani ajue. Lakini muuguzi si jirani. Anayesubiri mwezi wa tano au wa sita ndipo aende kliniki anafika wakati nafasi kadhaa zimeshapita.

Fikiria vipimo vya siku ya kwanza. Utapimwa wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, mkojo na presha, na malaria katika maeneo yenye ugonjwa huo. Mama mwenye VVU anayeanza dawa mapema na kuzimeza vizuri anapunguza hatari ya kumwambukiza mtoto hadi chini ya 5 kati ya 100, katika ujauzito hadi mwisho wa kunyonyesha. Bila dawa hatari inaweza kufika 45. Kaswende nayo inaweza kuua mtoto tumboni bila mama kuhisi ugonjwa wowote, na inatibika kwa sindano ya penisilini, bora mapema. Na presha iliyopimwa mwanzoni ndiyo kipimo cha kulinganishia: ikipanda mwezi wa saba, muuguzi atajua kama ni ya zamani au imeletwa na mimba.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12. Ukienda mapema unajua pia lini uanze dawa ya SP ya kukinga malaria, ambayo haitolewi kabla ya wiki ya 13. Chandarua chenye dawa hakina cha kusubiri. Lala ndani yake tangu sasa. Ukipata homa, pima kwanza, na mwambie anayekuhudumia kwamba una mimba kabla hajaandika dawa.

Baba anakaribishwa kliniki, na ni vizuri mkapimwa pamoja. Lakini kama mwenzako yuko safarini, amekukimbia, au hutaki kumtaja, hiyo si sababu ya kukaa nyumbani. Nenda. Ukirudishwa mlangoni kwa sababu umekuja peke yako, omba kuonana na mganga mfawidhi. Huduma ni yako na ya mtoto.

Dawa, pombe na mkorogo

Kwa kuwa viungo vinaumbwa katika wiki hizi, mwili wa mtoto hauna subira na sumu. Pombe hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, hata ya kienyeji, hata kwenye sherehe. Kwa maumivu ya kichwa parasetamo inakubalika kwa dozi ya kawaida. Diklofenaki, ibuprofeni na mabaki ya antibayotiki ya mtu mwingine usiguse bila ushauri. Dawa za miti shamba nazo ni dawa, na baadhi hubana mfuko wa uzazi. Krimu za kujichubua zinaweza kuwa na zebaki, inayopita kwenye ngozi yako hadi kwa mtoto. Dawa za kisukari, presha au VVU ni jambo jingine: endelea kuzimeza, na umwone daktari haraka aone kama zinahitaji kubadilishwa.

Ukiona damu

Matone machache ya damu mwanzoni huwapata mama wengi na mimba ikaendelea vizuri. Hata hivyo kila damu ipelekwe kituoni, kwa sababu nyumbani huwezi kujua ni ipi. Usisubiri kuche ikiwa una maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, kuzimia au maumivu kwenye ncha ya bega. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo ikipasua mrija mama anavuja damu ndani kwa ndani, hata kama nje hakuna tone. Tafuteni usafiri usikuusiku. Homa na uchafu wenye harufu mbaya ukeni pia ni vya kuwahi.

Mimba nyingine hutoka licha ya yote. Kati ya mimba 10 zinazojulikana, 1 au 2 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12, na mara nyingi chanzo ni kasoro ya kromosomu iliyokuwepo tangu yai liliporutubishwa. Ndoo ya maji uliyobeba, tendo la ndoa, ugomvi wa juzi au jicho la mtu havikusababisha. Wifi na mawifi, tafadhali msimuulize alifanya nini. Mpikieni uji, mbebeeni mtoto mkubwa, mwacheni alie. Aende kituoni kuhakikisha tumbo limesafika, aulize pia kama kundi lake la damu ni hasi, maana huenda akahitaji sindano. Akiwa tayari kujaribu tena, vidonge vya foliki asidi vianze kabla hata hedhi haijakosekana.