Elimu ya kiklasiki si ngeni Pwani: Mambo manne ya kuangalia kabla ya kumsomesha mtoto nyumbani

Mzazi anayefikiria kumsomesha mtoto wake nyumbani, akiingia kwenye intaneti kutafuta mtaala, hatakawia kukutana na kitu kiitwacho elimu ya kiklasiki. Wengi hudhani ni mambo ya Wazungu na Kilatini chao. Kilatini kimo kweli, lakini msingi wake si mgeni kwetu.

Elimu hii imejengwa juu ya fani tatu zilizosomeshwa Ulaya tangu enzi za kati: sarufi, mantiki na balagha. Mwaka 1947 mwandishi Mwingereza Dorothy Sayers alitoa mhadhara Oxford, akasema fani hizo zinakwenda sambamba na ukuaji wa mtoto. Mtoto mdogo ni kasuku, hupenda kukariri, basi na ahifadhishwe. Akikaribia kubaleghe huanza ubishi, basi na afunzwe kubishana kwa hoja. Baadaye hutaka kujieleza, basi na afunzwe kusema na kuandika kwa ufasaha.

Mwaka 1999 Wamarekani wawili, Jessie Wise na bintiye Susan Wise Bauer, walitoa kitabu The Well-Trained Mind. Humo miaka 12 ya masomo imegawanywa ngazi tatu za miaka minne minne. Historia husomwa kutoka zama za kale hadi za leo, kisha hurudiwa katika kila ngazi kwa kina zaidi.

Sasa tutazame kwetu. Mtoto wa Kiislamu wa Pwani huanza chuo cha Kurani, akahifadhi sura fupi kabla ya kujua maana yake. Anayeendelea na darsa hukutana na nahau kupitia Ajurumia, na mbele yake kuna mantiki na balagha. Fani ni zile zile tatu. Hata Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni mama anayemfunza bintiye nyumbani, kwa beti zinazohifadhika.

Tatizo ni kwamba wengi wetu hukomea kwa kasuku. Chuoni mtoto anakariri, shuleni anakariri apite mtihani, na nyumbani akiuliza "kwa nini?" huambiwa hana adabu. Ngazi ya pili hafikishwi, kisha akiwa kijana twashangaa mbona anafuata kila anachoambiwa mitandaoni.

Kwa hivyo, mzazi, kabla ya kulipia mtaala wowote, angalia mambo manne.

Kwanza, unamfikisha mtoto wapi? Usitazame vitabu vya miaka sita pekee, kwa kuwa hivyo huvutia vyote. Omba kuona kazi ya mtoto wa miaka 12. Ikiwa bado ni kujaza mapengo na kukariri majibu, hiyo si elimu ya kiklasiki hata ikiitwa hivyo.

Pili, historia ni ya nani? Mitaala mingi ya aina hii imeandikwa Marekani, na Ugiriki na Roma hupewa nafasi kubwa. Jaza pengo mwenyewe. Mtoto akifika enzi za kati, asome kwamba Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Akifika kwa Wareno, mpeleke Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Na nafasi ya Kilatini yaweza kuchukuliwa na Kiarabu, maana lengo ni mtoto ajue kuichambua lugha.

Tatu, nani atasomesha? Kuhifadhisha mtoto wa miaka saba kwamudika. Hesabu na sayansi za miaka 13 si mchezo, hasa kwa mzazi anayetoka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Wazazi watatu au wanne wakigawana masomo, mzigo hupungua.

Nne, mtihani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na haikuiwekea elimu ya nyumbani utaratibu wake. Chini ya CBC kuna tathmini za Gredi ya 6 na ya 9, na kazi zinazopimwa shuleni nazo huhesabiwa. Kwa hivyo ulizia ofisi ya elimu mapema, si mwaka wa mtihani. Wengine huchagua mitihani ya Cambridge kama watahiniwa wa binafsi, ambapo ada hulipwa kwa kila somo. Piga hesabu kabla ya kuanza.

Na asiyeweza kumtoa mtoto shule hakukosa kitu. Nusu saa baada ya chakula cha usiku yatosha. Alichohifadhi, mwambie akieleze kwa maneno yake. Mpinge kidogo, umwache ajitetee kwa hoja na kwa heshima. Kisha siku ya wageni, mpe nafasi aseme mbele ya watu. Huo ni mtaala tosha wa kuanzia, na hauuzwi popote.