Haki si Chambo: Jinsi Kanisa Lilivyopandwa katika Vijiji vya Chotanagpur, India



Tunaposikia maneno “kupanda Kanisa”, wengi wetu tunafikiria jengo: msingi, matofali, bati na kengele. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Ad Gentes juu ya utume wa kimisionari, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, unafundisha jambo pana zaidi. Kanisa limepandwa pale ambapo jumuiya ya waamini imeota mizizi katika maisha ya watu wa mahali hapo, ikiwa na mapadre, watawa na walei wazawa, na ikiwa na uwezo wa kuongoza na kueneza maisha ya imani. Jengo laweza kuwapo na Kanisa likawa bado halijapandwa. Aidha, Kanisa laweza kupandwa chini ya mti.

Hata hivyo, kila penye umisionari huzuka swali moja gumu: watu hawa wamekuja kwa ajili ya Kristo au kwa ajili ya msaada? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wapo wanaoamini kwamba msemo huo unaeleza historia yote ya misheni. Ili kulijibu swali hilo kwa haki, tuangalie mahali ambapo limeulizwa kwa ukali kuliko sehemu nyingi duniani: nyanda za juu za Chotanagpur, ambazo leo sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India.

Watu na ardhi yao

Ukristo nchini India ni wa kale. Waamini wa Kerala, kusini, wanashika mapokeo kwamba walihubiriwa na Mtume Tomaso mwenyewe. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Goa mwaka 1542, baada ya safari iliyompitisha Msumbiji na Malindi, katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Lakini kwa karne nyingi Injili ilibaki zaidi kusini na pwani. Vilima na misitu ya Chotanagpur, makao ya Wamunda, Waoraon na Wakharia, havikufikiwa. Watu hawa huitwa Waadivasi, yaani wakazi wa asili. Ndugu zetu Walutheri wa misheni ya Gossner ndio waliotangulia, wakafika Ranchi mwaka 1845.

Kwa Mmunda, ardhi haikuwa mali ya kuuzwa. Ukoo uliofyeka msitu wa kwanza ndio uliokuwa na haki juu ya ardhi ya kijiji, na haki hiyo ilirithiwa na wazao wote kwa pamoja. Walipokuja makabaila walioitwa zamindari, wakilindwa na sheria za utawala wa Kiingereza, utaratibu huo ulivunjwa. Wenyeji wakajikuta wapangaji katika mashamba ya babu zao. Walidaiwa kodi zisizo na kipimo, wakalazimishwa kufanya kazi bila ujira, na wakaanguka mikononi mwa wakopeshaji wa riba. Walipokwenda mahakamani walikuta lugha wasiyoijua na karatasi wasizoweza kuzisoma. Asiyejua kusoma huweka dole gumba palepale anapoonyeshwa, na hivyo ndivyo mashamba mengi yalivyopotea.

Padre aliyejifunza sheria

Katika hali hiyo alifika Padre Constant Lievens, Mjesuiti kutoka Moorslede, nchini Ubelgiji, alikozaliwa mwaka 1856 katika familia ya wakulima. Aliingia India mwaka 1880, akapata daraja ya upadre mwaka 1883, na mwaka 1885 akatumwa Chotanagpur, akaishi Torpa kati ya Wamunda. Alijifunza lugha yao. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwa mmisionari: alijifunza sheria za ardhi. Watu walipomletea kesi zao, alizisikiliza na kuzichambua. Zile alizoona kuwa za haki alizisimamia, akawaelekeza watu namna ya kujitetea na kuwatafutia mawakili.

Habari zilienea kutoka kijiji hadi kijiji. Koo nzima zilikuja kuomba kufundishwa katekisimu. Katika miaka isiyozidi saba, makumi ya maelfu ya watu walibatizwa au waliandikishwa kuwa wakatekumeni. Mwili wa Padre Lievens haukustahimili. Akiwa mgonjwa wa kifua kikuu alirudi Ubelgiji mwaka 1892, na tarehe 7 Novemba 1893 alifariki dunia huko Leuven, akiwa na umri wa miaka 37. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Je, imani inayoanzia shambani ni imani?

Hapa ndipo swali letu linapouma. Watu wa Chotanagpur hawakuja kwanza kwa sababu ya mafundisho juu ya Utatu Mtakatifu. Walikuja kwa sababu walikuwa wananyang'anywa mashamba, na padre huyu alikuwa upande wao. Wapinzani wa Kanisa walisema, na wengine wanasema hadi leo, kwamba imani hiyo ilinunuliwa.

Mafundisho ya Kanisa hayakwepi jambo hili. Hati ileile ya Ad Gentes, katika namba 13, inakataza kabisa kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani, au kumvuta kwa hila na mbinu zisizofaa. Tamko la Dignitatis Humanae juu ya uhuru wa dini, katika namba 4, linaongeza onyo la pekee kuhusu maskini na wasio na elimu, kwa sababu hao ndio rahisi kushawishiwa isivyo halali. Kwa hiyo anayegawa unga kwa sharti la ubatizo anatenda kinyume cha mafundisho ya Kanisa, hata kama nia yake ni kujaza viti.

Lakini haki si unga wa kugawa. Chambo ni kitu cha mvuvi, anachokitoa ili apate samaki. Shamba la Mmunda halikuwa mali ya Padre Lievens hata aweze kumhonga nalo mtu. Lilikuwa la Mmunda mwenyewe, naye aliporwa. Kumsaidia aliyeporwa arudishiwe kilicho chake ni wajibu wa haki, unaomhusu mbatizwa na asiyebatizwa. Bwana wetu aliwalisha makutano wenye njaa bila kuuliza nani ataamini. Siku iliyofuata, kama asimuliavyo Yohane katika sura ya sita, walimfuata tena, naye akawaambia wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu ya mikate, kisha akawafundisha juu ya chakula kidumucho. Hakujutia kuwalisha, wala hakutaka waishie kwenye mikate.

Hiki ndicho kipimo sahihi. Usiulize tu ni nini kilichomleta mtu mlangoni. Uliza pia amekutana na nani ndani, na iwapo alibaki huru kutoka.

Mizizi: katekista, mtawa na chama cha akiba

Mmisionari mmoja aliyeugua na kuondoka hangeweza kulishikilia Kanisa kubwa namna hiyo. Lilishikiliwa na wenyeji. Padre alipokuwa na vijiji vingi asivyoweza kuvifikia kila Dominika, katekista wa kijiji ndiye aliyewakusanya watu, akawafundisha watoto sala, akawatembelea wagonjwa na kuwazika wafu. Sisi tunaoishi kwa vigango tunalielewa jambo hili bila kuelezwa.

Mwaka 1897, miaka minne tu baada ya kifo cha Padre Lievens, msichana wa Kioraon, Bernadette Kispotta, pamoja na wenzake watatu, alianzisha huko Ranchi Shirika la Mabinti wa Mtakatifu Anna. Walikuwa wamekataa kuolewa ili wajiweke wakfu kwa Mungu, jambo geni kabisa katika jamii yao. Hapo tunaona kwamba mbegu imeota: hakuna anayeweza kununuliwa ili ayatoe maisha yake yote.

Historia haikuwa laini. Mwaka 1899 Birsa Munda, kijana aliyewahi kusoma katika shule ya misheni kisha akaiacha, aliongoza uasi dhidi ya makabaila na utawala wa kikoloni, na hasira ya wafuasi wake haikuziacha misheni. Alifia gerezani Ranchi mwaka 1900. Padre Johann Baptist Hoffmann, Mjesuiti Mjerumani, alitambua kwamba kilio cha ardhi kilikuwa bado hakijajibiwa. Elimu yake juu ya mila za Wamunda ilisaidia katika kutungwa kwa Sheria ya Upangaji wa Ardhi ya Chotanagpur ya mwaka 1908, iliyozuia ardhi ya Waadivasi isihamishiwe ovyo kwa watu wa nje. Mwaka 1909 alianzisha chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ili mkulima asimwendee tena mla riba. Mwaka 1927 Ranchi ikawa jimbo. Na tarehe 21 Oktoba 2003, Mtakatifu Yohane Paulo II alimfanya Askofu Mkuu Telesphore Toppo wa Ranchi, Mworaon, kuwa Mwadivasi wa kwanza kuvikwa ukardinali.

Wanavyokusanyika kuabudu

Ibada ya watu hawa ina sura yao. Ngoma iitwayo mandar huongoza maandamano, wanawake hucheza wakiwa wameshikana mikono, na nyimbo huimbwa kwa Kimundari, Kikuruk cha Waoraon au Kisadri, lugha inayowaunganisha. Mpunga mpya unapovunwa, malimbuko huletwa altareni, kwa kuwa tangu zamani familia haikula mchele mpya kabla ya kushukuru.

Utamadunisho huu una somo lake. Mwaka 1969 Kiti Kitakatifu kiliidhinisha mambo 12 ya kuipa liturujia ya India sura ya kihindi, kama vile kukaa sakafuni, kuunganisha viganja na kuinama badala ya kupiga goti, na kutumia taa ya mafuta. Wengi walifurahi. Lakini Waadivasi na Wadalit, yaani wale waliotengwa na mfumo wa matabaka, waliuliza: ni utamaduni wa nani? Waliona kwamba mengi yalichotwa katika desturi za tabaka la juu, lile lile lililowadharau. Kumbe hata utamadunisho waweza kumsahau maskini, usipoanza kwa kumsikiliza.

Hali ilivyo leo

Katiba ya India, ibara ya 25, inampa kila mtu uhuru wa kuishika, kuiishi na kuieneza dini yake. Hata hivyo, mwaka 1977 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki ya kueneza dini si haki ya kumwongoa mtu mwingine, na ikathibitisha sheria za majimbo zinazoadhibu uongofu wa kulazimishwa au wa kushawishiwa kwa vitu. Jharkhand ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2017. Kwa maneno yake, sheria inakataza kile ambacho Kanisa nalo linakikataza. Hofu ya waamini ni kwamba neno “ushawishi” laweza kutandazwa hadi likaifunika shule, zahanati, hata sala juu ya mgonjwa.

Gharama ya kusimama na maskini haijapungua. Mwenyeheri Sista Rani Maria Vattalil aliwasaidia wanavijiji wa Madhya Pradesh kujinasua kutoka kwa wakopeshaji, akauawa ndani ya basi tarehe 25 Februari 1995. Dada yake wa damu, mtawa mwenzake, alimsamehe muuaji na kumwita ndugu. Naye Padre Stan Swamy, Mjesuiti aliyeishi Ranchi akitetea haki za Waadivasi, alikamatwa Oktoba 2020 kwa tuhuma za ugaidi alizozikana, akafariki tarehe 5 Julai 2021 akiwa na umri wa miaka 84, bado hajapewa dhamana.

Tujifunze nini?

Sisi wa Afrika Mashariki tulichagua njia ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambayo maaskofu wa AMECEA waliifanya kuwa kipaumbele katika miaka ya 1970. Chotanagpur inatuuliza maswali matatu. Kwanza, je, jirani anayenyang'anywa shamba, hasa mjane, anaweza kulileta jambo lake katika Jumuiya yetu, au tunamwambia huko tunasali tu? Pili, tunapotoa msaada, je, tunampa pia asiyesali nasi, bila kumdai chochote? Tatu, katekista wetu, ambaye kigango chote kinamtegemea, tunamtunzaje?

Jumuiya inayoyajibu maswali haya kwa matendo inalipanda Kanisa, hata kama kikanisa chake hakijaezekwa. Mtume Paulo anatukumbusha katika 1Kor 3 kwamba mmoja hupanda, mwingine hutia maji, na anayekuza ni Mungu. Tunapokusanyika wiki hii katika Jumuiya zetu, tuwaombee ndugu zetu wa India, hasa wale ambao kukusanyika kwao kusali kunahitaji ujasiri.