MCHEZO WA SARAFU NA UTARATIBU WA KUPOKEZANA KAZI AFISINI

Ni jambo la kawaida kwa mwananchi anayefuatilia hati yake afisini kuelezwa kuwa jalada lake bado linashughulikiwa, ilhali jalada hilo limelala juu ya meza likisubiri mengine yakamilike ili yapelekwe pamoja. Lawama humwangukia mtumishi, akaitwa mzembe. Upo mchezo mdogo, unaohitaji sarafu 20 na saa tu, unaobainisha kuwa mara nyingi kasoro haimo katika mikono ya mtu bali katika namna kazi inavyopokezanwa.

Mchezo huo hutumika kufundishia utaratibu wa kazi ujulikanao kwa jina la Ajaili, yaani wepesi. Jina hilo lilienea baada ya wataalamu 17 wa programu za kompyuta kukutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, mwezi wa Februari 2001, na kutoa tamko lenye nguzo 4 na misingi 12. Tamko linataka kazi itolewe mapema na kidogo kidogo, mtumiaji aione na kutoa kauli yake, na kikundi kijirekebishe kila baada ya muda mfupi.

Watu wanne huketi kwa safu. Wa kwanza hupewa sarafu 20, za shilingi 100 au 200, akazipindua moja moja kwa mkono mmoja, kisha akampa wa pili afanye vivyo hivyo, hadi wa nne anayemkabidhi mteja. Nyuma ya kila mmoja husimama msimamizi mwenye saa akipima muda wa mtu wake. Mteja naye hupima sarafu ya kwanza imemfikia lini, na ya mwisho lini.

Katika duru ya kwanza hairuhusiwi kupokeza mpaka zote 20 zipinduliwe. Ikichukuliwa kuwa kila sarafu huhitaji sekunde 1, mteja hapati kitu hadi sekunde ya 80. Duru ya pili hupokezwa tano tano: za mwanzo humfikia katika sekunde ya 20, na zote huwa zimekwisha katika sekunde ya 35. Duru ya tatu hupokezwa moja moja: ya kwanza hufika katika sekunde ya 4, na ya mwisho katika sekunde ya 23. Watu ni wale wale, sarafu ni zile zile, na hakuna aliyeamrishwa kwenda mbio.

La kuzingatiwa zaidi ni saa za wasimamizi. Katika duru ya tatu, aghalabu muda wa kila mtu huongezeka, kwa kuwa humngoja mwenzake na hupokeza mara nyingi zaidi. Msimamizi anayemtazama mtu wake peke yake ataripoti kuwa kazi imezorota, wakati mteja ameshapata haja yake na kuondoka. Aidha, wa kwanza akikosea, katika duru ya kwanza sarafu zote 20 huharibika kabla wa pili hajaona. Katika duru ya tatu huharibika moja.

Baada ya kila duru wachezaji hupewa dakika chache kuulizana nini kibadilishwe. Hapo ndipo penye Ajaili yenyewe. Pasipo mazungumzo hayo hubaki mchezo wa watoto. Ni vyema Mkuu wa Idara akae nafasi ya mteja, maana akishika saa, wachezaji humtazama yeye badala ya sarafu.

Ieleweke kuwa jalada si sarafu. Yapo maombi yanayopaswa kisheria kungoja kikao cha Kamati, na yapo yanayokusanywa kwa sababu hupelekwa kisiwa cha pili kwa boti. Lakini yanayosubiri saini tu hayana udhuru huo.

Idara inayotaka kujaribu haihitaji mkufunzi wa kigeni wala kompyuta. Baada ya duru ya tatu lichukuliwe jalada moja lililokwisha kufungwa, zisomwe tarehe za kuingia na kutoka kila meza, na siku lilizoshughulikiwa zihesabiwe mbali na siku lilizosubiri.