Desturi ya Karavani Birmingham Wakati wa Ukame

Karavani ni chumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, chenye vitanda, jiko la gesi na sinki. Katika jiji la Birmingham, Uingereza, kusafiri nacho wakati wa kiangazi ni desturi ya familia nyingi, na chimbuko lake liko hapohapo. Mwaka 1919 kampuni ya Eccles ilianza kuunda karavani za kukokotwa na magari jijini humo. Mwaka 1927 ikahamia Stirchley, kusini mwa jiji, katika kiwanda kinachotajwa kuwa cha kwanza kujengwa mahususi kwa kazi hiyo. Hadi leo, kila Februari, watu humiminika kwenye kumbi za maonyesho za NEC kutazama karavani mpya.

Msimu huanza shule zinapofungwa mwishoni mwa Julai. Wengi huelekea Wales, kwenye milima na ufuko wa Barmouth. Wengine hushika barabara ya M5 hadi Weston-super-Mare. Safari ni ya pole, kwani mwisho wa mwendo ni maili 60 kwa saa katika barabara kuu na 50 katika zile nyembamba.

Kambini kazi hugawanywa. Mmoja huisawazisha karavani kwa pimamaji kisha hushusha miguu yake, mwingine hufunga mtungi wa gesi, na watoto hutumwa maji. Pipa la plastiki la lita 40 hivi hujazwa bombani, likalazwa na kubiringishwa nyasini kwa mpini mrefu, kisha pampu ndogo huyavuta maji hadi kwenye sinki. Baada ya hapo birika huinjikwa, na chai huwa ndiyo dalili kwamba watu wamefika. Karavani moja huachana na ya jirani kwa mita 6, ili moto ukizuka usiruke.

Nafasi hiyo imepata uzito mpya. Tarehe 19 Julai 2022 joto lilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire, kiwango ambacho Uingereza haikuwahi kurekodi kabla yake. Mwezi huohuo moto ulichoma vichaka vya Lickey Hills, pembezoni mwa Birmingham. Ukame ulitangazwa West Midlands mwaka huo, na tena Julai 2025. Agosti 2025 nyika ya Langdale, North Yorkshire, iliwaka kwa wiki kadhaa, kwa kuwa udongo wake wa mimea iliyooza hushika moto chini kwa chini.

Adabu za kambini zimebadilika kufuatana na hali hiyo. Trei za mkaa za kutumia mara moja, zilizozoeleka kuwekwa nyasini kwa kuchoma soseji, zimepigwa marufuku katika kambi na nyika nyingi. Soseji hurudi kwenye jiko la gesi. Vipande vya sigara havitupwi, na maji hutumiwa kwa kipimo.

Wanaopita Rhayader, Wales, huuona ukame huo kwenye mabwawa ya Bonde la Elan. Tangu 1904 maji yake huteremka hadi Birmingham kwa mfereji wa kilomita 118 hivi, kwa nguvu ya mteremko. Kina kikipungua sana, kuta za bustani ya jumba la Nantgwyllt, zilizozamishwa bwawa lilipojengwa, huchomoza tena juu ya tope.