Mpira Uliogusa Kidole

Juma hili nimeonelea tuzungumze mpira wa wavu. Najua wako wasomaji, hasa wazee wenzangu wa barazani, watakaoliona jambo hili kuwa dogo kwa ukurasa huu. Lakini katika miezi ya karibuni nimeulizwa maswali mengi kuhusu mchezo huu kuliko niliyoulizwa kuhusu mirathi, na anayeulizwa hana budi kujibu.

Mchezo wenyewe asili yake si kwetu. Ulibuniwa mwaka 1895 katika mji wa Holyoke, Marekani, na William Morgan, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyetafuta mchezo usio na misukumano wala kugongana. Kwa hivyo akatundika wavu katikati, kila upande ukabaki kwake. Wachezaji 6 huku, 6 kule, wala hakuna haja ya mtu kumgusa mshindani wake. Katika mpira wa miguu twaweza kusema kwamba ugomvi ulizuka kwa kuwa fulani alimkwatua mwenziwe akamuumiza. Katika mpira wa wavu udhuru huo haupo. Aghalabu ugomvi wake hutoka mahali pawili: ulimini, na katika kile ambacho mtu anakijua akakificha.

Ule wa ulimini twausikia sote. Mtaa mmoja ukicheza na mtaa wa jirani, washangiliaji hujipanga kando ya mistari, watu wazima wenye ndevu zao wakiwamo, na mtoto wa miaka 16 anayekwenda kuanzisha mpira hutajiwa mamake, rangi yake na ufukara wa kwao. Hao hao wazazi jioni huwapeleka watoto chuoni wakasomeshwe Suratul Hujurat, ambamo Mola amekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na mchezo ukisha, maneno hayaishi. Nawajua vijana wawili waliohitimu juzuu pamoja, mkeka mmoja, ambao tangu fainali ya mwaka jana hawapeani salamu. Mmoja akiwa safu ya mbele msikitini, mwengine huenda safu ya nyuma. Mtume (S.A.W.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku 3, nao wamekwisha kupitisha Ramadhani nzima na Idi zote mbili.

Sisemi kwamba kushindana ni kubaya. Mtume mwenyewe alishindanisha farasi Madina, na Abdullahi bin Omar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Ngamia wake, Adhbaa, ambaye hakuwa akipitwa, siku moja alipitwa na ngamia mchanga wa bedui mmoja. Masahaba wakaona uzito mkubwa, naye akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutonyanyua kitu chochote cha dunia ila baadaye hukishusha. Hakumlaumu bedui, wala hakutaka mbio zirudiwe.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika mlango huu ni ile ya watu wa kabila la Aslam. Mtume aliwapitia wakishindana kutupa mishale, akawahimiza, akasema kwamba yeye yu pamoja na upande mmoja. Wale wa upande wa pili papo hapo wakazuia mikono yao. Alipowauliza sababu, wakasema watatupaje ilhali yeye yuko na wenzao? Akawaambia watupe, kwani yu pamoja nao wote. Natamani kila mzee anayeketi kando ya uwanja aifikirie hadithi hiyo kabla hajafungua kinywa. Kijana akiona mzee wa mtaa, imamu au mwalimu wake amegeuka shabiki wa upande mmoja, mkono wake hulegea, au hukaza kwa chuki.

Na asiyeamini kwamba mchezo waweza kuangamiza watu na akumbuke Dahis na Ghabraa. Katika zama za Jahiliya, Abs na Dhubyan, makabila mawili ya ukoo mmoja, walishindanisha farasi. Watu wa upande mmoja wakajificha njiani, wakamzuia farasi wa wenzao asifike mwisho. Vita vilivyozuka hapo husimuliwa kuwa vilidumu miaka 40. Chanzo chake ni hila katika mbio.

Hila za vilabu vyetu ni za aina nyengine. Iliyoenea mno ni ya umri: barobaro wa miaka 22 huletwa na cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake acheze na watoto. Turudi tena kwenye farasi wa Madina. Waliozoezwa wakapungua miili walikimbizwa masafa ya maili 5 au 6, na wasiozoezwa wakapewa masafa yao mbali, ya kiasi cha maili moja. Mashindano hayana maana ila kwa wanaokaribiana nguvu, na anayechanganya makundi kwa cheti cha uongo amekula haki ya mtoto wa watu, na juu yake ametoa ushahidi wa uongo. Ama wanaowekeana fedha juu ya timu hizi, hiyo ni kamari, na hukumu yake haihitaji makala.

Sasa swali lililonifanya nishike kalamu. Mzee mmoja alinijia baada ya sala ya Ishaa, akanambia, "Maalim, mwanangu ametolewa timuni kwa kusema kweli. Nimpongeze au nimkanye?"

Kisa ni hiki. Ilikuwa seti ya tano, ambayo humalizika kwa pointi 15. Timu ya kijana ina 14, wapinzani 13. Mpinzani akapiga kwa nguvu, kijana akaruka wavuni kuzuia, mpira ukapita ukaanguka nje. Mwamuzi akapuliza: umetoka, pointi ni yenu, mchezo umekwisha. Wenzake wakaanza kukumbatiana. Yeye akanyanyua mkono akasema mpira ulimgusa kidole. Pointi ikahamia kwa wapinzani, ikawa 14 kwa 14, na mwishowe wakashindwa 16 kwa 14.

Hoja ya kocha, ambaye naye ni kijana wa watu mwenye adabu, ni kwamba kuona ni kazi ya mwamuzi, na mchezaji hakuulizwa. Hoja hiyo si ya kutupwa. Mara ngapi mwamuzi hukosea kwa upande wa pili, na hakuna anayenyanyua mkono? Lakini Waislamu hufungwa na masharti waliyoyaridhia, na anayeingia uwanjani ameziridhia kanuni. Kanuni za shirikisho la dunia la mchezo huu zinawakataza wachezaji kufanya jambo la kumpotosha mwamuzi au la kuficha makosa ya timu yao. Kwa hivyo anayetikisa kichwa na kuonyesha viganja vitupu, ilhali kidole chake bado chamuuma, amevunja ahadi pamoja na kusema uongo, hata kama hakutamka neno. Anayenyamaza tu, hali yake ni nyepesi kidogo, ingawa simwoni kuwa salama. Pointi ile ni haki ya watu kumi na mbili, na ushahidi wake uko kwenye ncha ya kidole kimoja. Msomaji wa Yasini anajua ni siku gani mikono itasema na midomo ikafungwa.

Yastaajabisha kwamba shirikisho hilo hilo, mwaka 2023, katika ligi yake ya mataifa, lilianzisha kadi ya kijani ya kumpongeza mchezaji anayekiri mwenyewe kabla picha za video hazijatazamwa. Kule mtoto huyu angenyanyuliwa kadi. Huku amenyang'anywa fulana.

Nilimwambia mzee ampongeze mwanawe, tena mbele ya ndugu zake. Kisha tukafuatana hadi kwa kocha. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akasikiliza. Mwisho akasema, "Sheikh, nikimrudisha, wenzake watasema nawafundisha kushindwa." Nikamuuliza siku ile ingekuwa kinyume, kidole kikawa cha mpinzani naye akakiri, angewaambia nini vijana wake. Akanyamaza kitambo, akasema atafikiri. Mpaka naandika haya, bado anafikiri.

Timu iliyoshinda imempelekea kijana ujumbe, inamtaka akawachezee wao, na nauli watamlipia. Amekataa. Asema klabu yake ni ya mtaa wake, na kila alasiri huenda akakaa ukingoni mwa uwanja akiokota mipira inayotoka nje.