Kalenda ya Zamani, Sweta Kuukuu: Mapambo Yasiyotoka Dukani

Tukiwatembelea huko Njoro, Molo na Subukia tunaona kalenda za miaka iliyopita bado zimening'inia ukutani, na sweta zilizokwisha viwiko zimejaa gunia nyuma ya mlango. Kwa nini zichomwe, ama ziishie Gioto kwenye jaa la Nakuru, na zinaweza kupendeza nyumba?

Tuanze na kalenda, maana karatasi yake ni ngumu na ina rangi. Kata pembetatu nyembamba: chini sentimita 2, urefu sentimita 30. Chukua spoki ya baiskeli, viringisha kuanzia upande mpana huku ukikaza. Ikibaki ncha kama kidole, paka gundi, malizia, chomoa spoki. Huo ni ushanga mmoja. Kina mama wa Kampala, Uganda, wanajulikana sana kwa kazi hii. Ukilegea, fungua uanze tena. Kuongeza gundi hakusaidii. Zikikauka paka vanishi mara mbili, lakini si jikoni, kwani vanishi hushika moto upesi. Mkufu wa sentimita 60 unataka shanga 30. Pazia la mlango ni kazi ya kikundi kizima, na porojo nyingi!

Sweta na fulana zikatwe vipande vya upana wa kidole. Toboa gunia safi kwa msumari, pitisha kipande, funga fundo, songa mbele mpaka gunia lisionekane. Ni zulia la miguu hilo.

Zamani wengi walisuka vikapu kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo sasa utawaona wakitumia karatasi za mkate.

Kuhusu mikebe, tafadhali sikieni. Katika boma moja tulikuta chombo cha dawa ya kuogesha ng'ombe kimepakwa rangi vizuri, kimetiwa maua, kimewekwa mezani. Siku hiyo hiyo mtoto alimwaga maua akachotea maji ya kunywa. Mama alimwahi, tukamshukuru Mungu. Chombo cha dawa ya shamba au mifugo hakiwi pambo hata kidogo. Suuza mara tatu, maji yale yarudi kwenye pampu ya kunyunyizia, kisha kitoboe kisitumike tena. Mkebe wa majani ya chai au kimbo, huo sawa.

Na mkitaka kuuza, pigeni hesabu kwanza. Tuseme mikufu 20 imekula gundi ya sh. 150, vanishi ya sh. 350 na uzi wa sh. 100. Hiyo ni sh. 600, yaani sh. 30 kwa kila mkufu. Mkiuza kwa sh. 50 mmefanya kazi nusu siku kwa sh. 20. Tumeona vikundi vikivunjika hivyo, watu wakidhani mweka hazina amekula pesa, kumbe hazikuwepo.

Gundi mnaweza kupika wenyewe kwa unga wa ngano na maji. Mkutano ujao leteni kalenda, makasi na spoki. Sufuria tutakuja nayo.