Gari dogo la tabo na hesabu ya barabara ya Mbingu

Kwa zaidi ya miaka kumi, jibu la swali la gari la kwanza katika bonde la Kilombero limekuwa moja: Toyota IST, na aliyepungukiwa kidogo achukue Passo au Vitz. Fundi wa Ifakara analifungua gari hilo gizani, spea zake zipo hata kwenye maduka madogo, na siku ukitaka kuliuza halilali wiki mbili. Sasa limeingia jibu jingine: gari dogo lenye tabo, ambalo injini yake mara nyingi haifiki hata lita moja lakini huvuta kama gari la lita moja na nusu. Mfano ulio wazi zaidi ni Toyota Raize na pacha wake Daihatsu Rocky, yaliyoingia sokoni Japani Novemba 2019. Nyuma yao yapo Toyota Roomy, Suzuki Swift na Baleno za cc 996, na kwa wapenzi wa magari ya Ulaya, Volkswagen Polo ya 1.2.

Mnunuzi ninayemfikiria ni mtu wa Mbingu. Kata hii iko umbali wa kilomita zipatazo 60 magharibi mwa Ifakara, kwenye barabara ya Mlimba, sambamba na reli ya TAZARA. Fedha yake ni ya msimu. Mpunga huvunwa mvua zikikatika, na kakao hufuata. Tangu 2013 kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa Mbingu ikinunua kakao mbichi kwa wakulima na kuichachusha yenyewe, kwa hiyo zipo kaya ambazo hushika fedha taslimu mara kadhaa kwa mwaka. Ongeza walimu, wauguzi, mapadri, wenye mashine za kukoboa na wanunuzi wa mpunga. Hao ndio wanaohitaji kufika Ifakara mara mbili tatu kwa wiki, benki, hospitali au sokoni, na ndio wanaouliza kama gari la tabo linawafaa.

Jibu langu ni kwamba linaweza kuwafaa, ila kwa sababu tofauti na zile zinazotajwa na wauzaji. Muuzaji atakusifia nguvu. Faida halisi kwa mtu wa Mbingu iko kwenye kodi na kwenye kimo cha gari kutoka ardhini, na tabo ndiyo gharama anayoilipa ili apate vitu hivyo viwili.

Tuanze na kodi, maana hapo ndipo penye fedha nyingi. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, gari la mtumba linaloingia Tanzania hulipa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, ambao hutegemea ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 ni sifuri, hadi cc 2,000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Kisha ipo kodi ya uchakavu, yaani asilimia 15 kwa gari lililozidi miaka 8, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mwisho ni VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote, pamoja na tozo ndogo za reli na za forodha. Thamani inayokokotolewa ni ile iliyomo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato (TRA), hata kama risiti ya Japani inaonyesha bei nyingine, na mtu yeyote anaweza kuitazama kwenye tovuti yao kabla hajatuma hata shilingi.

Chukua mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. IST ya 2005 yenye thamani ya forodha ya milioni 7 italipa ushuru wa forodha milioni 1.75. Ushuru wa bidhaa na uchakavu, asilimia 35 kwa pamoja, utaongeza kama milioni 3. VAT itaongeza milioni 2 na ushei. Gari la milioni 7 limefika milioni 14. Sasa chukua Raize ya cc 996 yenye thamani ya milioni 20 ambayo haijafikisha miaka 8. Forodha ni milioni 5, ushuru wa bidhaa sifuri, uchakavu sifuri, VAT milioni 4.5. Jumla ni milioni 29.5. Kwenye IST, nusu ya fedha yako imekwenda serikalini. Kwenye Raize ni chini ya theluthi. Kilichobaki kiko kwenye chuma utakachokuja kukiuza.

Hata hivyo milioni 29.5 ni zaidi ya mara mbili ya milioni 14, na hesabu hiyo haimwambii mtu mwenye uwezo wa IST aende akakope. Kwa mkulima ambaye mvua ikizidi anapoteza ekari kadhaa kwa usiku mmoja, gari lisilo na deni ni bora kuliko gari jipya lenye deni. Nayasema haya kwa uzito, kwa sababu mikopo ya magari imeshafika vijijini, na wanaotoa mikopo hiyo hawalimi mpunga.

Tabo inafanya nini hasa? Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine linalosukuma hewa ndani ya silinda, kama mivukuto ya mhunzi inavyosukuma upepo kwenye makaa. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa. Injini ya Raize, yenye silinda tatu, hutoa nguvu farasi 98 na msukumo wa Nm 140. IST ya 1.5 hutoa farasi 109 na Nm 141. Msukumo unalingana, ila wa IST huja injini ikiwa imefika mizunguko 4,200 kwa dakika, na wa Raize huanza kwenye 2,400. Dereva hulisikia hilo mguuni: gari limebeba watu watano na magunia mawili, na bado halihitaji kupigishwa kelele.

Msukumo huo unalipa wapi? Kwanza kwenye milima. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, na tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Anayepanda Kitonga kwenda Iringa, au anayeishi Mbeya, ana sababu nzuri ya kuitaka. Inalipa pia kwenye barabara kuu ya Mikumi hadi Morogoro, pale unapotaka kulipita lori kwa haraka na kwa usalama. Tangu kilomita 66.9 za Kidatu hadi Ifakara zilipowekwa lami, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani, safari ya Ifakara hadi Dar es Salaam ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Mfanyabiashara anayekwenda Dar kila mwezi ataifaidi tabo.

Lakini kati ya Ifakara na Mbingu mambo ni mengine. Bonde liko chini, si zaidi ya mita mia chache kutoka usawa wa bahari, na ni tambarare. Kiangazi barabara ya vumbi huwa na rasta zinazotikisa kila nati; masika huwa na madimbwi ambayo hujui kina chake. Mwendo ni kilomita 40, labda 50 kwa saa. Katika mwendo huo injini ya 1.3 bila tabo inatosha kabisa, na akiba ya mafuta inayosifiwa haionekani. Kwenda na kurudi ni kilomita 120. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia lita 8, na la kilomita 17 litatumia 7 na kidogo. Tofauti haifiki lita moja kwa safari, na haiwezi kulipia gari la bei mara mbili.

Kinacholipa kwenye barabara hii ni kimo cha gari kutoka ardhini. Raize ina milimita 185 kutoka ardhini hadi tumboni. Roomy, yenye injini ileile na tabo ileile, ina milimita 130 hivi. Yatazame yote mawili kwenye yadi ya Dar na utaona Roomy ina nafasi zaidi, milango ya kusukuma, na mara nyingi bei nafuu. Ifikishe kwenye barabara ya Mlimba mwezi wa Aprili na sampu yake itakutana na mawe kabla hujavuka Idete. Anayenunulia Mbingu asidanganywe na kufanana kwa injini.

Halafu kuna utunzaji, na hapa ndipo gari la tabo linapoweza kumuumiza mtu. Gurudumu la tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika likielea juu ya utando mwembamba wa oili, kwenye joto kali la ekzosi. Oili ikichakaa, ikipungua, au ikiwa nzito mno, tabo ndiyo ya kwanza kufa. Kwa injini kama hizi oili hubadilishwa kila kilomita 5,000 au miezi 6, nyepesi ya 5W-30. Injini inachukua kama lita 3 tu, kwa hiyo upungufu wa nusu lita si jambo dogo. Mtu wa safari tatu za Ifakara kwa wiki atamaliza kilomita 5,000 ndani ya miezi mitatu na kidogo. Oili nzito iliyozoeleka kwenye Fuso na IST za zamani haifai humu, na oili ya kupima kutoka kwenye pipa haifai kabisa.

Vumbi nalo ni adui. Chembe ya mchanga ikipita kwenye filta iliyochanika hugonga mapanga ya tabo yakiwa kwenye kasi ile, na mapanga yakishaliwa hayarudi. Desturi ya kupuliza filta kwa kompresa na kuirudisha mara tano sita inavumilika kwenye Passo. Kwenye tabo, filta mpya kila msimu wa kiangazi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuagiza tabo nyingine.

Mafundi wa bondeni hawajaanza leo kuiona tabo. Malori mengi ya Fuso na Scania yanayobeba mpunga na miwa yanayo, Hilux nyingi za dizeli zinayo, na Suzuki Jimny ya cc 658 imekuwa nayo miaka yote. Dereva wa lori anajua kuiacha injini iungurume kidogo kabla ya kuzima baada ya safari ndefu ili tabo ipoe. Ujuzi huo unahamishika. Tena injini ya Raize ni ya ukoo wa 1KR, ule wa Passo uliopo tangu 2004, kwa hiyo fundi hakutani na kitu kigeni kabisa. Vigeni ni tabo yenyewe, mipira ya hewa, sensa zake na gia boksi ya CVT ya aina mpya. Hivyo vitatoka Dar, Kariakoo au Ilala, vikija Ifakara kama kifurushi cha basi, na gari litalala likisubiri.

Polo ya 1.2 naiondoa kwenye orodha ya Mbingu bila kusita, ingawa ni gari tamu kuendesha. Kwa cc 1,197 imeshapita mpaka wa ushuru sifuri. Kwa zile zilizotoka Japani, kiwanda kinataka petroli ya daraja la juu, na anayenunua petroli ya chupa barabarani hachagui daraja. Gia boksi yake ya klachi mbili kavu iliilazimu Volkswagen, Novemba 2013, kuyaita magari milioni 1.6 duniani ili kubadilisha oili yake, hasa kwa ajili ya nchi za joto. Kilombero ni joto.

Mnunuzi ajue jambo moja zaidi, ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu halisaidii kuuza. Novemba 2021 Toyota yenyewe iliiondoa tabo kwenye Raize inayosukumwa na magurudumu mawili, ikaweka injini ya cc 1,196 isiyo na tabo, yenye farasi 87. Kwenye vipimo vya Japani inakwenda kilomita 20.7 kwa lita, wakati ya tabo inakwenda 18.6. Tabo ilibaki kwenye zile zinazosukumwa na magurudumu manne tu. Kimo cha kutoka ardhini ni kilekile. Kwa mfano wetu wa thamani ya milioni 20, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 pamoja na VAT yake huongeza kama milioni moja na nusu.

Asiyetoka bondeni isipokuwa kwa nadra, na akaweza kumudu bei ya gari la mwaka 2022, namshauri alipe milioni hiyo na nusu. Atakuwa ameinunua amani ya kutoihudumia tabo kwa miaka yote atakayolimiliki gari. Anayekwenda Dar au Iringa mara kwa mara, na ambaye ana nidhamu ya oili na fundi anayemwamini, achukue ya tabo, aombe rekodi ya huduma ya Japani, na aliwashe likiwa baridi aone rangi ya moshi. Asichelewe sana. Raize za tabo za magurudumu mawili zilitengenezwa kwa miaka miwili tu, na zile za mwishoni mwa 2019 zitavuka miaka 8 ifikapo mwisho wa 2027. Hapo kodi ya uchakavu ya asilimia 15 itaanza kuzihesabu nazo.